Papara ya Nani? Uchumi wa Leo na Kesho katika Mashamba ya Afrika Mashariki

Maamuzi mengi yanayochunguzwa na wanauchumi ni yale ambayo gharama yake huja siku moja na faida yake huja siku nyingine, kama anavyofanya mkulima anayenunua mbegu mwezi wa tatu ili avune mwezi wa nane, au mzazi anayelipa karo miaka kumi na zaidi kabla mtoto hajashika kazi yoyote. Tawi la uchumi linaloshughulikia maamuzi hayo, ambalo hapa litaitwa uchumi wa uchaguzi wa baina ya nyakati, huuliza swali moja kwa namna nyingi: mtu huipa kesho uzito gani anapoilinganisha na leo, na je, uzito huo ni tabia yake ya kudumu au ni zao la hali aliyomo? Mhadhara huu unatetea jibu la pili. Kile ambacho vitabu vimezoea kukihesabu kuwa ni papara ya mtu, yaani kushindwa kwake kuingoja kesho, kwa sehemu kubwa ni suala la majira ya fedha, yaani siku zinapoingia mkononi na siku zinapotakiwa kutoka; na ushahidi ulio imara zaidi wa jambo hilo umetoka katika vijiji vya Busia, vibanda vya soko la Bumala na mazizi ya ng'ombe ya Kiambu nchini Kenya, mbali sana na vyuo ambako nadharia yenyewe ilitungwa.

Nadharia hiyo ina umri wa karibu karne mbili. John Rae, Mskoti aliyehamia Kanada na kufundisha shule huko, alichapisha mwaka 1834 kitabu kilichouliza kwa nini mataifa mengine hujilimbikizia mali na mengine hayafanyi hivyo, naye akajibu kwamba tofauti inatokana na nguvu ya hamu ya kulimbikiza, hamu ambayo yenyewe hutegemea mambo kama usalama wa maisha, uthabiti wa sheria na upendo wa mtu kwa wale watakaobaki nyuma yake. Eugen von Böhm-Bawerk, mwanauchumi wa Austria aliyewahi pia kuwa waziri wa fedha wa nchi hiyo, alilibeba swali hilo mwaka 1889 na kulihusisha na riba, akidai kwamba wanadamu huidharau kesho kwa sababu hawaioni vizuri na kwa sababu utashi wao ni dhaifu. Irving Fisher wa Chuo Kikuu cha Yale, katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu riba, aliongeza jambo ambalo wafuasi wake wengi walilisahau: kwamba kipato kidogo chenyewe huongeza papara, kwa kuwa mwenye njaa hana budi kula leo ili aifikie hiyo kesho. Fisher mwenyewe, ikumbukwe, alipoteza mali yake katika mporomoko wa soko la hisa la mwaka 1929 baada ya kutangaza hadharani kwamba bei za hisa zilikuwa zimefika juu na zingebaki huko, kwa hiyo hakuna haja ya kumchukua kama mfano wa mtu aliyeiona kesho vizuri.

Mwaka 1937 Paul Samuelson, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, alizibana sababu zote hizo ndani ya namba moja. Namba hiyo huweza kuitwa kipunguzio, yaani sehemu ya thamani ya kitu inayobaki kwa kila mwaka kinaposogezwa mbele. Ikiwa kipunguzio cha mtu ni 0.9, basi shilingi 1,000 za mwakani kwake ni sawa na shilingi 900 za leo, za mwaka wa pili ni sawa na 810, na za mwaka wa tatu ni sawa na 729. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haimgeuki mwenyewe: mtu anayependelea kungoja wiki moja zaidi katika jambo la mwakani atapendelea vivyo hivyo siku yenyewe itakapowadia, kwa kuwa kila wiki hupunguza thamani kwa uwiano uleule. Samuelson alionya katika makala hiyohiyo kwamba dhana yake ilikuwa ya kubuni na haikupaswa kuchukuliwa kama maelezo ya jinsi watu wanavyoishi, lakini hesabu iliyo rahisi kufundisha ina bahati ya kuishi kuliko onyo lililoambatana nayo, na katika nusu karne iliyofuata fomula yake ilitumiwa katika kila kitu, kuanzia mipango ya pensheni hadi tathmini ya mabwawa. Frank Ramsey wa Cambridge alikuwa amesema miaka tisa kabla yake kwamba kwa taifa zima kuihesabu furaha ya vizazi vijavyo kuwa ndogo kuliko ya kizazi kilichopo ni jambo lisilotetewa kimaadili. Hilo nalo liliwekwa kando.

Pingamizi la kwanza lenye uzito lilitoka kwa Robert Strotz katikati ya miaka ya 1950, aliyeonyesha kihesabu kwamba mtu ambaye kipunguzio chake hakifuati mwendo wa Samuelson atajikuta akizivunja ahadi zake mwenyewe bila kupokea habari yoyote mpya. George Ainslie na wenzake waliona mwenendo huo hata kwa njiwa wa maabara, ambao waliacha chakula kingi cha baadaye kwa ajili ya punje chache zilizokuwa karibu, lakini walipopewa nafasi ya kuamua mapema waliweza kungoja. Kisha Richard Thaler, katika utafiti mdogo aliouchapisha mwaka 1981, aliwauliza watu wangetaka kulipwa kiasi gani ili waahirishe kupokea dola 15 walizoshinda, na majibu ya katikati yalikuwa dola 20 kwa kungoja mwezi mmoja, dola 50 kwa mwaka mmoja na dola 100 kwa miaka kumi. Majibu hayo yakigeuzwa kuwa riba ya mwaka, yanatoa asilimia 345 kwa mwezi, 120 kwa mwaka na 19 kwa miaka kumi. Namba moja ya kudumu, kwa hiyo, haikuwapo.

David Laibson alilifupisha jambo hili mwaka 1997 kwa marekebisho madogo ambayo leo hufundishwa karibu kila mahali. Katika hesabu yake, kila kitu kisicho cha leo, kiwe cha kesho au cha mwaka kesho, hupunguzwa kwanza kwa kiasi kimoja cha ziada, na baada ya hapo mwendo wa kawaida huendelea. Tuseme kiasi hicho cha ziada ni kuzidisha kwa 0.7, na kipunguzio cha kawaida cha wiki moja kiko karibu mno na 1 kiasi cha kutohesabika. Mtu anayeulizwa achague kati ya shilingi 1,000 leo na shilingi 1,200 wiki ijayo ataziona zile 1,200 kuwa ni 840, naye atachukua 1,000. Mtu huyohuyo akiulizwa kuhusu wiki mbili za mwaka ujao, ataona 700 upande mmoja na 840 upande wa pili, na atachagua kungoja. Hali hii huitwa upendeleo wa sasa. Ted O'Donoghue na Matthew Rabin waliongeza mwaka 1999 tofauti iliyokuja kuwa muhimu sana Afrika Mashariki, kati ya mtu anayeujua udhaifu wake na mtu asiyeujua: wa kwanza hutafuta njia ya kujifunga mapema, ilhali wa pili husema atafanya kesho, na kila kesho ikifika husema hivyohivyo kwa moyo safi.

Kabla ya kufika mashambani, inafaa kuutilia shaka kidogo upimaji wenyewe. Mtu anayechukua fedha leo badala ya kungoja anaweza kuwa na papara, lakini anaweza pia kuwa na deni linalomkaba, mtoto mgonjwa, au sababu nzuri ya kutomwamini mtafiti ambaye hamjui na ambaye huenda asirudi. Mark Dean na Anja Sautmann, wakifuatilia familia nchini Mali, walionyesha kwamba majibu ya watu kuhusu fedha za leo na za kesho hubadilika kadiri wanavyopatwa na misukosuko ya kipato na matumizi, maana yake ni kwamba kipimo kilichodhaniwa kupima moyo kilikuwa kinapima mfuko. Upande wa imani, jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester lililochapishwa mwaka 2013 linasema mengi. Celeste Kidd na wenzake walirudia jaribio maarufu la Walter Mischel, lile ambalo mtoto huachwa na peremende laini mezani na kuahidiwa ya pili iwapo ataingoja, lakini kwanza watoto wengine waliahidiwa rangi na vibandiko na mtu mzima ambaye baadaye alirudi mikono mitupu, na wengine waliahidiwa na mtu aliyetimiza. Waliotendewa uaminifu walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa walingoja dakika 3. Jaribio la awali la Mischel, lililofanywa katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, lilikuwa limetumika kwa miaka mingi kuwatangazia wazazi kwamba subira ya utotoni ndiyo hutabiri mafanikio ya ukubwani, hadi Tyler Watts na wenzake walipolirudia mwaka 2018 kwa watoto zaidi ya 900 na kukuta uhusiano huo ni mdogo zaidi, tena mwingi wake ukiyeyuka pale hali ya nyumbani na elimu ya mama ilipoingizwa katika hesabu.

Ni katika hali hiyo ya mashaka ndipo utafiti wa Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson unapopata uzito wake. Eneo lao lilikuwa Busia, magharibi mwa Kenya, mpakani na Uganda, ambako familia nyingi hulima mahindi katika vishamba vidogo mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Watafiti walianza na swali la kawaida la bwana shamba: je, mbolea inalipa? Badala ya kuchukua majibu ya vituo vya utafiti, walipima katika mashamba ya wakulima wenyewe, na jibu halikuwa lile lililotarajiwa na wengi. Kifurushi kamili kilichopendekezwa na wizara ya kilimo, chenye mbegu chotara, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia, hakikumlipa mkulima wa kawaida. Kilicholipa ni kitu kidogo sana, nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo, mahindi yakiwa yamefika magotini. Matumizi hayo yalileta faida iliyokaribia asilimia 70 yakihesabiwa kwa mwaka. Hakuna benki katika eneo hilo iliyokuwa ikimpa mkulima riba inayokaribia hapo, wala mbolea hiyo haikuhitaji mtaji mkubwa, kwa sababu huuzwa dukani hata kwa kupimiwa kidogokidogo, na anayeweza kununua gorogoro mbili za mahindi huweza kununua mbolea ya kutosha mistari michache.

Hata hivyo wengi hawakuitumia. Kati ya wakulima walioona majaribio hayo katika mashamba yao, zaidi ya 97 kwa kila 100 walisema wangetumia mbolea msimu uliofuata, na waliofanya hivyo kweli walikuwa karibu 37 kwa 100. Elimu haikuwa kikwazo, basi, wala nia haikukosekana. Wakulima walipoulizwa sababu, jibu la mara nyingi lilikuwa kwamba fedha zilikuwa zimekwisha, na jibu hilo, ambalo ofisa mwenye haraka angeliandika kama kisingizio, lilikuwa kweli kabisa kwa siku lilipotolewa. Mwezi wa kuhitaji mbolea ni mwezi ambao mavuno yaliyopita yamekwisha kuliwa, kuuzwa na kugawiwa. Mwezi ambao fedha zipo, mbolea haihitajiki bado, duka liko mbali kidogo, na hakuna hasara yoyote inayoonekana katika kusema nitakwenda wiki ijayo.

Jaribio walilolitunga lilifuata mantiki hiyo kwa uangalifu. Mara tu baada ya mavuno, ofisa wa shirika lisilo la kiserikali alimtembelea mkulima nyumbani na kumuuzia vocha ya mbolea kwa bei ileile ya dukani, bila punguzo, isipokuwa kwamba mbolea ingeletwa mlangoni bure msimu utakapofika. Asiyekuwa na fedha taslimu aliweza kulipa kwa mahindi. Toleo hilo lilidumu siku chache tu. Mpango huo uliongeza idadi ya watumiaji wa mbolea kwa kiasi kikubwa, kati ya asilimia 47 na 70 juu ya kiwango cha wasioupata, wakati ahadi hiyohiyo ya kupelekewa bure, ilipotolewa baadaye msimuni, haikuwa na athari ya maana. Na ili kupata ongezeko linalofanana nalo wakati huo wa baadaye, ilihitajika ruzuku ya nusu ya bei. Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni lile lililotokea pale wakulima walipoulizwa kabla ya mavuno wachague siku ambayo ofisa angerudi na vocha zake: karibu nusu walimtaka aje mara tu baada ya kuvuna, ingawa kwa mtu asiye na tatizo la kujizuia ingekuwa bora kuahirisha na kuzishika fedha zake hadi siku ya mwisho. Watu hao walikuwa wanajijua. Walichokosa ni mtu wa kugonga mlango siku iliyo sawa.

Ikiwa mkulima wa Busia huikosa mbolea kwa sababu mavuno yamekwisha, swali linalofuata ni kwa nini mavuno huondoka upesi hivyo. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walilifuatilia katika eneo hilohilo la magharibi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019. Bei ya mahindi huko hupanda kwa kawaida asilimia 25 hadi 40 kati ya mavuno na miezi ya njaa, lakini wakulima wengi huuza bei ikiwa chini na kurudi sokoni kununua mahindi yaleyale bei ikiwa juu. Hesabu ya papara peke yake ingemlaumu muuzaji. Kumbe mavuno ya mwisho wa mwaka hukutana na Januari, mwezi wa karo, sare na madeni ya sikukuu, na mahindi ndiyo benki pekee iliyopo nyumbani. Wakulima waliopewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, ambao shughuli yake ilikuwa tu kuwavusha siku hizo bila kugusa ghala, walichelewesha kuuza na kupata faida ya asilimia 29 juu ya mkopo. Tena pale ambapo mikopo ilitolewa kwa wingi katika eneo moja, mahindi yalihifadhiwa mengi kiasi cha bei ya soko kutulia kidogo kwa mwaka mzima, na faida ikawafikia hata majirani ambao hawakukopa.

Mpaka hapa mtu mmoja amechukuliwa kana kwamba anaamua peke yake, na hapo ndipo nadharia iliyotungwa kwa mfanyakazi wa Boston mwenye akaunti na mlango wa kufunga hukwama. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya upatu magharibi mwa Kenya njia mbalimbali za kuweka akiba kwa ajili ya afya, kama vile kununua chandarua au dawa ya kutibu maji. Kikundi kimoja kilipewa kibubu cha bati chenye kufuli na ufunguo wake. Kikundi kingine kilipewa kibubu hichohicho, lakini ufunguo ulikaa kwa ofisa wa mradi, na kisingefunguliwa ila kwa manunuzi ya afya. Kwa mujibu wa Laibson, kibubu kisichofunguka ndicho kingepaswa kushinda. Mambo yalikwenda kinyume. Kibubu ambacho mwenyewe aliweza kukifungua saa yoyote kiliongeza matumizi ya kinga kwa zaidi ya asilimia 60 katika mwaka mmoja, na kile cha ufunguo wa mbali hakikusaidia hivyo, kwa kuwa watu waliogopa kufungia fedha ambazo dharura ingeweza kuzidai usiku wowote. Faida ya kibubu cha kwanza ilikuwa jina lake. Fedha zilizomo zilikuwa zimekwisha kutajwa kazi yake, na kwa hiyo ilikuwa rahisi kumwambia shemeji anayeomba kwamba fedha zilizopo si za kutoa.

Wanawake wanaouza mboga na nguo kuukuu katika soko la Bumala walionyesha jambo la karibu na hilo. Walipofunguliwa akaunti katika benki ya kijiji isiyotoa riba na inayotoza ada kwa kila fedha inayotolewa, wengi waliitumia, na mitaji ya biashara zao ilikua, ingawa kwa hesabu kavu akaunti hiyo ilikuwa inawakata. Waendesha baiskeli wa boda boda waliopewa akaunti hiyohiyo hawakuonyesha badiliko. Siwa Anderson na Jean-Marie Baland walikuwa wameona mapema, huko Kibera jijini Nairobi, kwamba wanawake wanaoishi na waume ndio hujiunga zaidi na vikundi vya kuchangiana kwa zamu, na walilieleza hilo kwa kusema kwamba fedha iliyo kwenye mchezo, kama vikundi hivyo viitwavyo, haiwezi kuombwa na mume. Pamela Jakiela na Owen Ozier nao, katika jaribio la vijijini, waliwakuta wanawake waliokubali kupoteza sehemu ya kipato ili tu ndugu waliohudhuria wasijue walichopata. Kwa watu hawa, kuacha fedha zikae mkononi kunakuwa ni kuziweka mezani mbele ya wenye haki ya kuzidai. Anayezitumia upesi kwa bati za nyumba au mbuzi huonekana na mpimaji kama mtu asiyejali kesho, kumbe ndiyo njia aliyo nayo ya kuifikisha fedha huko. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoambiana kwamba akiba haiozi ndio haohao wanaoambiana ponda mali kufa kwaja, na kijumbe wa mchezo wowote wa Dar es Salaam anajua ni kwa nini mama lishe humletea elfu zake kila jioni bila kutegemea riba yoyote.

Ushahidi mwingine wa aina mbili unastahili kutajwa kwa sababu unaigeuza kabisa picha ya mtu mwenye papara. Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello walichunguza wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kiambu, ambao wanaweza kumuuzia mchuuzi anayelipa kila siku kwa bei nzuri, au ushirika unaolipa mara moja kwa mwezi kwa bei ya chini. Wengi sana huupelekea ushirika, na walipopewa nafasi ya kuchagua, walichagua kulipwa mwisho wa mwezi hata pale ilipowagharimu. Nadharia ya namba moja haina nafasi kwa mtu anayelipa ili acheleweshewe fedha zake. Casaburi, safari hii akiwa na Jack Willis, alikwenda pia kwa wakulima wa miwa wa mkataba magharibi mwa Kenya na bima ya mazao. Bima ya kawaida hudai malipo mwanzo wa msimu na kuahidi fidia mwishoni. Asilimia 5 tu ya wakulima waliikubali, na hata ilipopunguzwa bei kwa asilimia 30, idadi haikupanda kwa kiasi cha maana. Malipo ya bima hiyohiyo yalipohamishiwa siku ya mavuno, yakikatwa katika fedha za miwa, waliokubali walikuwa asilimia 72. Miaka mingi ya semina za kuwaelimisha wakulima kuhusu umuhimu wa bima ilikuwa imeshughulikia kitu ambacho hakikuwa tatizo. Mpango wa namna hii una sharti lake, ambalo ni kwamba mnunuzi awe na hakika kuwa miwa itafika kiwandani kwake na mkulima awe na hakika kuwa kiwanda kitakuwapo na kitalipa. Pasipo imani hiyo ya pande mbili, makato ya baadaye hayana pa kushikia.

Tanzania haijachunguzwa kwa majaribio ya namna hii kwa wingi uleule, lakini ina kisa kinachoonyesha gharama ya kuisahau tarehe. Tangu msimu wa 2007/2008, korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima hupeleka mazao katika chama cha ushirika, hupewa stakabadhi, na hulipwa baada ya mnada. Kwa bei, mfumo huo una hoja nzuri: wanunuzi hushindana mbele ya watu. Pembeni yake, hata hivyo, iliendelea kangomba, biashara ya kununua korosho kwa siri nje ya mfumo, kwa bei ya kutupa, kutoka kwa mkulima mwenye shida. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilihakiki mashamba ili kuwanasa walionunua kwa kangomba, na mjadala wa umma karibu wote ulihusu ulanguzi na udanganyifu wa wanunuzi. Muuzaji alizungumziwa kidogo, na alipotajwa ilikuwa ni kwa kuonewa huruma au kukaripiwa kwa kutokuwa na subira.

Kalenda ya mkorosho inaeleza zaidi. Palizi na kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga huangukia katikati ya mwaka, wakati maua na machipukizi yanapohitaji kinga, na hapo ndipo fedha za mavuno yaliyopita zimekauka. Mnada wa kwanza huja kuanzia Oktoba, na malipo baada yake. Chukua, kwa mfano wa hesabu tu, mkulima aliyeuza kilo ya mavuno yajayo kwa shilingi 1,500 mwezi Julai badala ya kungoja 3,300 mwishoni mwa mwaka. Ikihesabiwa kuwa ni riba, hiyo ni asilimia 120 kwa miezi mitano, na mwenye kuiangalia kutoka ofisini atasema hakuna mwenye akili timamu angekubali. Lakini kama shilingi hizo 1,500 ndizo zilizonunua salfa iliyookoa mikorosho iliyobaki, au ndizo zilizomweka mtoto shuleni hadi mtihani, basi mkulima hakuuza kilo moja kwa hasara. Alinunua msimu mzima kwa kilo moja, kutoka kwa mtu pekee aliyekuwa na fedha kijijini mwezi ule. Mfumo uliomhakikishia bei ya mnada haukuwa na lolote la kumwambia kuhusu Julai, na chama cha ushirika ambacho kingezipokea korosho zake kilikuwa na kila kitu kinachohitajika ili kumkopesha dhidi ya mavuno yake, yaani orodha ya wakulima, rekodi za kilo zao za miaka iliyopita na haki ya kukata kabla ya kulipa, isipokuwa mtaji wa miezi mitano.